Anayesikia Yowe Hajibu

Nangwa, Jumapili 4 Machi 2012

Nimerudi nyumbani kumalizia tasnifu. Mama anaamini nimerudi kupalilia, na mpaka jioni hii hatujaafikiana. Jembe ameliegemeza mlangoni mwa chumba changu, kisha akaenda zake.

Mvua haijaanza. Wingu limekaa juu ya mlima Hanang tangu asubuhi na halishuki. Tasnifu ni ya Kiingereza, na kila sentensi yake inabidi ivae tai. Hapa nitaandika Kiswahili, nivae kanga nipumzike.

Habari kubwa ya nyumbani ni moja: Marieta, mke wa kaka yangu Emanuel, ni mjamzito. Wanakaa Hirbadaw, ng'ambo ya korongo, na anatarajia kujifungua mwishoni mwa Aprili. Mwaka juzi mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu njiani, Marieta akiwa amebebwa kwenye machela, na nyumba yao ikaingia metimani. Nyumba iliyopatwa na jambo hilo hukaa peke yake: haitembelewi, haiombi moto kwa jirani, haichoti maji pamoja na wengine, mpaka wazee waseme basi. Marieta alikaa hivyo karibu mwaka. Mimi nilikuwa chuoni, nikaisikia habari kwenye simu, nikasema ni ushamba. Leo mama, akipepeta maharage, amesema mwaka huu hana ombi lingine kwa Mungu. Marieta ajifungulie hospitali, na mtoto alie.

Kwa ombi hilo nami nina mchango wangu. Mwezi wa kwanza niliandika programu kwa ajili ya Felician, tabibu anayesimamia mpango wa akina mama wajawazito. Mhudumu wa afya wa kijiji anatuma ujumbe kwa simu. Programu, iliyo kwenye kompyuta ya ofisi ya Felician kule Katesh, inatazama kijiji na hali ya njia. Inamtuma Patriki, dereva wa gari la wagonjwa, na inamjibu mhudumu kwa kumtajia mahali pa kukutania. Nimeiandika kwa lugha ileile ya kompyuta ambayo tasnifu yangu inaihusu. Naona fahari, nisijifanye sioni.

Jumanne 6 Machi

Mvua. Mama ameimba asubuhi nzima.

Ijumaa 9 Machi

Mama ameniuliza ni barua gani ninayoandika kutwa nzima bila kufika mwisho.

"Naandika habari za mkaguzi, mama."

"Mkaguzi wa nini?"

Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza. Katika lugha hii kila kipande cha programu kinatoa ahadi: nipe hiki, nitakurudishia kile. Kabla programu haijaanza kazi, mkaguzi anazipitia ahadi zote. Aliyeahidi namba arudishe namba, aliyeahidi maneno arudishe maneno. Anayekosea anakataliwa palepale, hata mlango wa kuingilia haoni. Sura niliyomo sasa inahusu yowe, yaani pale kipande cha programu kinaposhindwa kutimiza ahadi kikapiga kelele badala yake.

"Ukinituma chumvi kwa jirani," nikasema, "nikarudi mbio napiga yowe kwamba fisi ameingia zizini, utaniuliza chumvi iko wapi?"

"Nitakuuliza fisi yuko wapi."

"Ndivyo anavyofanya mkaguzi. Palipotakiwa namba, yowe anaipitisha. Palipotakiwa maneno, anaipitisha. Palipotakiwa chochote, anaipitisha, kwa sababu anayepiga yowe harudi na kitu mkononi, kwa hiyo hakuna kitu cha kukagua. Anachoangalia ni kwamba kilichopigwa ni yowe kweli na siyo kikohozi."

Mama akacheka mpaka ungo ukamtoka. "Kumbe mvivu yeyote apige tu yowe, asiulizwe chumvi!"

Nimemwambia hilo nitalitia kwenye tasnifu. Mkaguzi vilevile haulizi kama yupo mtu wa kuidaka hiyo yowe. Hilo ni jukumu la anayeandika programu.

Jumamosi 17 Machi

Nimekwenda Katesh. Felician amevaa koti jeupe hata sokoni, na kila sentensi ataingiza neno "mfumo". Mfumo umepokelewa. Mfumo umekaa vizuri. Mtu akimsikia atadhani ameuzaa yeye.

Nilikuwa na swali moja. Kila kijiji nimekiandikia mahali gari litakapokutana na mgonjwa njia ikiwa nzima, na mahali pengine njia ikikatika. Hirbadaw tu ndiyo imebaki. Drifti ya korongo, ile njia ya zege inayopita chini kwenye maji, ikifunikwa, watu wa ng'ambo ile wakutane na gari wapi?

"Dada Natalia, ile drifti ni mpya kabisa," akasema. "Haikatiki. Andika popote, tutarekebisha mbele ya safari."

Andika popote! Nimtume mama mwenye uchungu popote? Nilikataa. Pale palipotakiwa jina la mahali nikaandika yowe, nikaipa jina Pengo, ili siku moja ikitokea tujue pana pengo. Mkaguzi alikuwa anangoja mahali, akapewa yowe, akaipitisha bila kukunja uso. Nimejiona mwaminifu kuliko Felician. Wa kuidaka hiyo yowe nitamweka nikipata nafasi.

Jumatano 21 Machi

Tope. Nimepalilia. Mkono una malengelenge.

Jumamosi 24 Machi

Emanuel amekuja kuchukua mbegu za maharage. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, lakini leo alikuwa na hadithi. Felician aliwaita wahudumu wa afya wa vijiji kuwafundisha kutuma ujumbe. Mmoja akauliza: tukituma, mashine isipojibu, tufanyeje? Felician akababaika. Basi Fransiska, mhudumu wa kijiji chao, mama mtu mzima, akasimama na kumwambia mwenzake:

"Wewe umekulia wapi? Anayesikia yowe hajibu, anakuja."

Watu wakapiga makofi. Na ni kweli, kwetu ndivyo. Yowe ikipigwa hakuna anayepoteza pumzi kujibu "nimesikia". Unashika fimbo unakimbia, na asiyetokea hutengwa. Ukimya baada ya yowe maana yake ni miguu iko njiani. Felician akaligeuza kuwa agizo: isipojibu, ujue gari limeshaondoka, tulieni mlipo. Walipojaribu ikawa hivyo hasa, kwa sababu mnara wa simu unasinzia mvua ikinyesha, na gari lilifika kabla ya jibu.

Nimelipenda neno la Fransiska. Nimelinakili kwenye ukurasa wa mbele wa tasnifu.

Alhamisi 29 Machi

Gari limemleta mama wa kwanza, kutoka kijiji cha juu mlimani. Mtoto wa kike. Felician amenipigia akipiga kelele kwa furaha, nami nikapiga kelele, na mama akaja mbio akidhani kuna msiba.

Jumanne 3 Aprili

Hakuna jua, betri haijajaa. Nimelala kama paka.

Jumapili 8 Aprili, Pasaka

Tumekula Pasaka Hirbadaw. Wote tulivuka korongo kwa miguu, maji yakiwa chini ya kifundo, mama akiwa amebeba viatu vyake kichwani.

Wifi yangu Marieta anacheka kwa sauti ambayo hata ng'ombe huinua vichwa. Tumbo ni kubwa na linamkaa vizuri, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kuligusa, na ndani ya nyumba hakuna hata kitambaa kimoja cha mtoto. Emanuel ametengeneza machela ya ngozi ya ng'ombe, ameificha nyuma ya ghala. Marieta anajua ilipo.

"Ile sipandi," aliniambia tukiwa jikoni. "Mwaka juzi walinipandisha nikiwa na mtu tumboni, wakanishusha nikiwa na maiti. Wifi, hiyo mashine yako inaijua njia ya huku kwetu?"

"Inaijua."

"Hata mvua ikikaza?"

"Imekaguliwa," nikamwambia.

Sikumdanganya, maana imekaguliwa kweli. Alinikamata mkono, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe, mara moja tu, akautoa.

Jumamosi 14 Aprili

Dkt. Joakimu, msimamizi wangu chuoni, amerudisha sura ya nne. Kanuni kuu ya kazi hii inasema programu iliyopita kwa mkaguzi haikwami: ama imemaliza na ina jibu mkononi, ama ina hatua nyingine ya kupiga. Ukiingiza yowe, panaongezeka tawi la tatu, kwamba programu imesimama na yowe mdomoni, na hakuna wa kuidaka. Hapo kanuni haijavunjwa. Mkaguzi hakuahidi zaidi ya hapo.

Ameandika pembeni: "Tawi la tatu umelipita haraka mno. Ndilo la maana."

Nimekasirika. Mtu mwenyewe amekaa Dodoma penye umeme, hajui kupalilia.

Ijumaa 20 Aprili

Mvua kubwa tangu juzi. Felician amepiga simu: maji yamepita juu ya drifti ya korongo, gari haliwezi. Amebadilisha hali ya njia kwenye kompyuta kama nilivyomfundisha, ameandika imefungwa. Alitaka nimsifu, nikamsifu. Nilikuwa katikati ya tawi la tatu na kichwa kilikuwa kimejaa.

Nilipokata simu nikalikumbuka Pengo. Kesho nitakwenda Katesh, tukae, aniambie watu wa Hirbadaw wakutane na gari wapi.

Jumamosi 21 Aprili

Tope limefika magotini. Bodaboda hawaendi. Katesh kesho.

Jumatatu 23 Aprili

Tawi la tatu limekubali! Uthibitisho umesimama wenyewe bila mkongojo. Nimekula ugali mara mbili.

Jumanne 24 Aprili

Jua. Mama anataka maharage yapaliliwe kabla mvua haijarudi. Katesh kesho.

Jumatano 25 Aprili

Mvua.

Jumamosi 28 Aprili

Nitaandika ya Alhamisi. Jana nilijaribu nikashindwa.

Alhamisi mchana tulikuwa shambani. Simu ikalia, Emanuel.

"Gari limefika wapi?" akauliza.

"Gari gani, kaka?"

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke ambayo sikuitambua, kumbe ni Marieta.

"Fransiska alituma ujumbe asubuhi," akasema. "Chupa imeshapasuka. Haijajibu. Tumekaa tunasubiri."

Nilitupa jembe. Kijana wa bodaboda alikataa kwenda, nikamvuta shati mpaka akakubali, tukaanguka njiani, tukanyanyuka. Njia yote nilimpigia Felician na hakupokea, alikuwa wodini. Patriki nilimkuta nje ya ofisi, amelala ndani ya gari, tangi limejaa, milango ameifunga kwa ajili ya mvua. Hakuna aliyemtuma popote. Ndani, kompyuta ilikuwa inawaka. Programu ilikuwa imesimama. Mstari wa mwisho ulisema kuna yowe ambayo haikudakwa, na jina lake ni lile nililoipa mimi: Pengo. Ujumbe wa Fransiska ulikuwa juu yake, wa asubuhi. Hirbadaw, uchungu. Na njia ilikuwa bado imefungwa, kama Felician alivyoiandika Ijumaa ile. Programu ilitafuta mahali, ikakuta yowe yangu, ikaipiga, ikafa nayo. Hapakuwa na mtu wa kuisikia isipokuwa meza ya Felician.

Tuliondoka na Patriki na Felician. Kwenye korongo gari liligoma, kama ilivyotarajiwa. Ng'ambo tuliwaona. Walikuwa wamempakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Emanuel ameshika nira, Fransiska yumo ndani. Maji yalikuwa mekundu na yanabeba matawi. Asubuhi, Emanuel aliniambia baadaye, maji yalikuwa ya kifundo. Asubuhi wangevuka hata na kikombe cha chai mkononi. Majirani walikuja na machela kabla umande haujakauka, Marieta akawafukuza. Fransiska naye akawaambia watulie, ujumbe umeenda, gari liko njiani.

Vijana wa Kibarbaig waliokuwa wanachunga karibu waliacha ng'ombe wao, wakashikana mikono wakaingia majini, wakamvusha juu ya vichwa vyao. Felician aliingia na koti lake jeupe mpaka kifuani kumpokea. Sikuwahi kumwona mtu akifanya kazi vile, kwenye matope, amepiga magoti, anazungumza na Marieta taratibu kana kwamba wako peke yao. Mtoto alitoka pale ukingoni. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Felician alimpulizia, akamkanda, akampulizia tena, kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Mtoto hakulia. Marieta yuko hai, ametokwa na damu nyingi, amelazwa.

Nimeandika yote. Najichukia.

Jumatatu 30 Aprili

Akina mama wazee wamemzika mtoto. Nyumba ya Emanuel imeingia metimani tena. Marieta akitoka hospitali atarudi humo.

Watu walimuuliza Felician kilichotokea. Alisimama, akatazama chini, akasema: "Mtandao." Wote wakatikisa vichwa. Mtandao, nani atamgombeza mtandao? Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona mdomo wangu umefungwa. Halafu mzee mmoja akasema mtandao ni mtandao, lakini mke wa Emanuel ana kichwa kigumu, aliletewa machela akakataa. Wakatikisa vichwa kwa hilo pia, tena kwa nguvu zaidi.

Alhamisi 3 Mei

Nimekaa na programu Katesh. Jambo la kwanza niliweka mdakaji juu kabisa, adake yowe yoyote itakayopigwa. Sharti la mdakaji ni kwamba lazima arudishe kitu cha aina ileile kilichokuwa kinangojewa. Palingojewa ujumbe, basi arudishe ujumbe. Nikaandika: Subirini, tunashughulikia. Mkaguzi akapitisha. Ni ujumbe, umeandikwa vizuri, una adabu, na ungemwacha Marieta amekaa palepale.

Nimeufuta. Nimebadilisha ahadi yenyewe. Kipande kile sasa hakiahidi mahali. Kinaahidi mahali, au kukiri kwamba hapajulikani, na anayekiomba lazima aseme atafanyaje kwa yote mawili. Hapo ndipo mkaguzi alipokuwa mkali. Alikataa huku, akakataa kule, kila sehemu niliyokuwa nimepokea mahali bila kuuliza. Kila alipokataa nilisimama, nikafikiri ni mama wa kijiji gani tungemwacha hapo. Angeweza kunikatalia tangu mwezi wa tatu. Sikumpa nafasi, nilimpa yowe.

Felician ameniambia watu wa Hirbadaw wakutane na gari wapi. Ilimchukua muda wa kunywa chai.

Jumapili 6 Mei

Misa. Sikupokea komunyo.

Ijumaa 11 Mei

Nimemwambia Felician kwamba nataka kwenda kusema ukweli. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikakuta mtu amechoka. Amekonda, na lile koti halivai tena.

"Unadhani nilisema mtandao kwa ajili yangu?" akauliza. "Mtandao hauna mama huko Nangwa wala kaka huko Hirbadaw. Wewe unao. Watakuwekea hilo mpaka uzee."

"Wamemwekea Marieta."

"Najua." Akazungusha kalamu. "Na kuna jingine. Ukisema mashine ilikufa, watazima simu. Wale tunaowafikia sasa hatutawafikia. Umelifikiria hilo?"

Nilimwona mwenye majivuno msimu mzima, kumbe nilikuwa namwona mtu anayeogopa kushindwa mbele za watu, kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliingia majini.

Jumatano 16 Mei

Mvua zinapungua. Mahindi yamebeba. Mama hanisemeshi sana. Jembe amelirudisha ghalani mwenyewe.

Dkt. Joakimu ameikubali sura ya nne. Ameandika kwamba tawi la tatu sasa linasomeka kama limeandikwa na mtu aliyelielewa. Nimefunga kompyuta.

Jumamosi 19 Mei

Nimekwenda Hirbadaw peke yangu. Korongo limerudi kuwa mchanga.

Marieta alikuwa amekaa mlangoni kwake, kanga imefungwa kifuani kukaza maziwa. Aliponiona akainua mkono.

"Wifi, usivuke uzio."

Nikabaki nje ya miiba. Kuna umbali wa kuzungumza kwa sauti, siyo wa kunong'ona, na mambo niliyokuja nayo nilikuwa nimeyapanga kwa kunong'ona. Emanuel alikuwa bondeni na ng'ombe. Nikasema kwa sauti.

"Wifi, siku ile hakuna gari lililokuwa linakuja. Siyo mtandao. Ujumbe wa Fransiska ulifika. Mahali pa kuandika mkutane wapi drifti ikifungwa niliacha pengo, mashine ilipofika hapo ikafa. Ni mimi. Siyo kichwa chako."

Kuku mmoja alipita katikati yetu.

"Ilikufa saa ngapi?"

"Palepale. Asubuhi."

"Kwa hiyo Emanuel na majirani walipoleta machela..."

"Hakuna aliyekuwa anakuja."

Akatazama mikono yake. "Fransiska alikuwa ananiambia nisukume," akasema. "Mimi nikabana. Nilikuwa namwambia mtoto asubiri. Nilimwambia, tulia, gari la shangazi yako linakuja."

Nililia kwa sauti, nimeshika miiba. Yeye hakulia, na hakuniambia ninyamaze. Aliningoja nimalize. Sijui kama amenisamehe. Sikumuuliza, nisingekuwa na uso wa kumuuliza.

"Umemwambia mke wa Hermani?" akauliza mwishowe. Hermani ni jirani yao, nyumba yake inaonekana kutoka pale. "Tumbo lake limeshashuka. Amefundishwa yaleyale tuliyofundishwa wote. Mimi hata nikitaka, siruhusiwi kukanyaga kwake. Hata maji hatuchoti pamoja. Kila siku namwona anapita kule chini na simu shingoni."

Sikuwa nimemwambia. Siku zote hizo nilikuwa namfikiria Marieta, na aibu yangu, na Felician.

Nikaenda. Kwa Hermani nilimkuta mama yake uani anaanika mtama. Nikamwamkia shikamoo, akanipa kigoda. Mke wa Hermani akatoka ndani taratibu, mkono mmoja kiunoni, simu ndogo ikining'inia kwa uzi wa kusukia. Ni binti mdogo kuliko nilivyodhani. Niliwaeleza wote wawili, sikuacha kitu. Nikamwambia programu nimeitengeneza, na drifti ikifungwa itampa mahali pa kwenda.

"Na ikinyamaza?" akauliza. "Nijue gari liko njiani?"

"Ikinyamaza ujue hakuna mtu anayekuja," nikamwambia. "Uanze kutembea."

Mama mkwe wake aliacha kuanika. Binti alinitazama, kisha akavua ile simu shingoni, akaishika mkononi kidogo, akaenda kumwita mumewe.